Daktari wa "Nimeona, Sijajua"

Watu wengi walitoka chumbani mwake na sentensi mbili tu, na hakuna hata moja iliyomsaidia mtu kulala. "Nimeona. Sijajua." Alizisema akivua glavu, kwa sauti ya mtu anayekuambia huenda mvua ikanyesha, huenda isinyeshe, yeye hana mahindi aliyoanika. Kisha alikuelekeza kwa Sista ukapangiwe siku ya kurudi, na mlango ukafungwa.

Mimi ni dalali wa mahindi. Nanunua Likuyani na Mautuma, nauza Kakamega, na riziki yangu iko katika kupata jibu kabla lori halijaondoka. Mwenye shamba akiniambia "kesho," najua ana mnunuzi mwingine nyuma ya nyumba. Akisema "ngoja nimuulize mama watoto," najua bei yangu imeshakaribia. Huyu daktari hakuwa na mnunuzi mwingine wala hakuwa na wa kumuuliza. Alitazama ndani ya tumbo la mtu kwa jicho lake mwenyewe, kisha akakataa kusema alichokiona. Miaka yote ya tisini niliyomfahamu nilikuwa natafuta mahali pa kumshika, na sikupapata.

Ajabu ni kwamba nje ya hospitali mwanamke huyu alikuwa mnunuzi msumbufu kuliko sisi wote. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji, na Jumamosi alishuka sokoni kwa miguu, kikapu mkononi, kutafuta maharagwe. Hakuangalia yaliyo juu. Alikunja mkono wa sweta, akauzamisha ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho kama anayesali, akatoa konzi ya chini kabisa.

"Haya ni ya mwaka jana," alisema.

"Daktari, maharagwe ni maharagwe."

"Basi niuzie kwa bei ya mwaka jana."

Alibishana mpaka akina mama wa nyanya wakaacha biashara wakamtazama. Akishanishinda, alibeba maharagwe yale akaenda kumpa askari wa lango la hospitali, yote. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili haikutoa jibu.

Watu walimwita Daktari wa Mpira. Mpira wenyewe ulikuwa mweusi, mrefu, mnene kama kidole, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za kioo nyembamba kuliko nywele, zinazopeleka mwanga tumboni na kurudisha picha. Hakukuwa na kioo cha televisheni wakati huo, si huku kwetu. Kulikuwa na tundu la kuchungulia mwisho wa mpira na jicho moja juu yake, jicho lake. Uzi mmoja ukikatika, picha ilibaki na nukta nyeusi, na yeye alijua kila nukta ilipokaa, asije akaidhania kuwa kitu cha mgonjwa. Hakuruhusu mtu mwingine auoshe wala aukunje. Sista, muuguzi aliyefanya naye kazi tangu zamani, aliniambia, "Mimi nimeruhusiwa kuusalimia tu."

Siku moja nilipopeleka mahindi pale, stima ilipotea mpira ukiwa tumboni mwa mtu. Watu wa kwenye benchi tulisikia jenereta ikikohoa na kukataa. Ndani, mgonjwa alikuwa anagugumia. Tukasikia sauti ya Daktari, taratibu, kama anaongea na ng'ombe anayekamuliwa: "Hakuna kusogea. Hata mimi sisogei. Gizani hatuvuti kitu." Jenereta ilipowaka, Sista alitoka nje akiwa amelowa jasho. Daktari alitoka baadaye, mkavu, akauliza nani anafuata. Hakuna aliyetaka kufuata.

Niliingia katika mambo yake kwa sababu ya mama mkwe wangu, na hapa lazima nimweleze kitu msomaji asiye wa kwetu. Mama mkwe humkaribii. Humshiki mkono, hamketi benchi moja, humtazami usoni, na habari za mwili wake huzisikii. Zikitajwa, unatoka nje. Si chuki. Ni heshima, nayo ina kazi nyingi kuliko chuki. Wangu alikuwa mjane mwenye shamba upande wa Likuyani, kwenye ardhi iliyokuwa ya mzungu, na nilimjua kama muuzaji wa mahindi kabla sijamjua binti yake. Mwaka ule alianza kukonda. Chakula kilimkaa kifuani. Alitapika, na mara moja alichotapika kilikuwa cheusi kama masizi yaliyolowa. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, mashemeji wangu walikuwa Nairobi. Nikabaki mimi.

Basi tulikaa pale hospitalini, yeye benchi la ukutani, mimi benchi la dirishani, kila mmoja akitazama kwake. Akitaka kuniuliza kitu alimwambia Sista, "Muulize huyo mkwe wangu kama mtoto ananyonya vizuri," nami nikamjibu Sista kwamba ananyonya. Daktari alitoka, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mmegombana?"

"Hapana, Daktari. Tunaheshimiana."

Akamgeukia mama. "Mama, umekula leo?"

"Sijakula."

Wakamwingiza, wakampulizia dawa ya ganzi kooni, wakamlaza ubavu wa kushoto. Mimi nikaondoka mpaka kwenye kamba za kuanikia mashuka, maana mpira ukiingia mtu hucheua kwa nguvu, na mkwe hapaswi kusikia mama mkwe akicheua. Sikukaa sana kabla Daktari hajanifuata huko kati ya mashuka.

"Ameniambia hajala."

"Hajala, Daktari."

"Tumbo limejaa uji wa wimbi na viazi vitamu."

"Ee, huo ni uji. Obusuma hakula."

Alinitazama kama alivyotazama maharagwe ya mwaka jana. Lakini ndivyo tulivyo. Bila obusuma, ugali wenyewe, mtu wa kwetu hajala. Amepitisha tu kitu mdomoni asubuhi ipite. Mama hakuwa amedanganya. Ila kilichokuwa ndani kilikuwa kimefunikwa na uji, na ikabidi tusubiri zamu nyingine, mama akizidi kulegea, mke wangu akilia na mtoto akilia, wakipokezana. Tangu siku ile Daktari hakumuuliza tena mtu kama amekula. Aliuliza, "Ni nini kilipita mdomoni tangu jana jioni?" na alisubiri mpaka mtu akumbuke hata kipande cha muwa.

Mara ya pili mama alikuja na njaa ya kweli. Mimi nikaenda kwenye mashuka yangu. Walikaa ndani muda mrefu, na mimi sijui kungoja bila kuuliza, kwa hiyo nilikuwa nasogea dirishani, namwuliza Sista wameonaje, narudi, nasogea tena. Mwishowe Sista akatoa kichwa.

"Daktari anasema kuna tundu la pili, la wanafunzi. Uje uchungulie mwenyewe uache kumsumbua."

"Sista, huyo ni mama mkwe. Uso wake sijautazama tangu nioe. Nianze na tumbo?"

Nikasikia kicheko ndani. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichowahi kumsikia Daktari, na sijui mama, mwenye mpira kooni, alikichukuliaje.

Daktari alipotoka kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nimeona," akasema. "Sijajua."

"Daktari, nisemee nusu."

"Hapa hatuuzi nusu."

"Basi robo. Nitikisie kichwa tu."

"Nikitikisa kichwa, binti yake utakwenda kumwambia nini?"

Alikuwa amegusa kile kilichonitoa usingizi: nikirudi nyumbani, mke wangu angenisoma usoni kabla sijavua viatu.

Ni Sista aliyenieleza kwa nini Daktari hakuwa anasema siku hiyohiyo. Zamani, kabla hawajawa na utaratibu wa kupeleka vipande vya tumbo Nairobi kupimwa, alimwona mzee mmoja wa Mautuma akiwa na uvimbe tumboni, mkubwa, unaotisha, na akamwambia kwa kuamini jicho lake kwamba ni saratani. Mzee alikwenda nyumbani, akaita ndugu, akagawa shamba lote, akalala akingoja. Alingoja sana. Uvimbe haukuwa saratani. Alipoamka na kudai shamba lake, ndugu walimwambia kwamba wosia ni wosia. Tangu hapo kila mwaka mzee alikuja hospitalini, si kwa ugonjwa, bali kumdai Daktari shamba. Na Daktari, ambaye hakuwa na muda wa kunywa chai, alipanda gari pamoja naye mara kadhaa akaenda kubishana mbele ya chifu. Walirudishiwa kipande. Alibishana kama sokoni, Sista alisema, ila pale hakufumba macho.

Kwa kuwa nilikataa kuchungulia, alinieleza kwa gunia. Nilikuwa nimeleta mahindi ya jiko la hospitali, na gunia lilikuwa limesimama uani, mdomo umefungwa. Akaligusa kwa kidole.

"Tazama mikunjo. Yote inakuja kwenye fundo, sawasawa, inafika pamoja. Kidonda kizuri kiko hivyo. Mikunjo ya tumbo inakizunguka, inafika mpaka ukingoni. Ukingo ni laini, mviringo. Chini ni safi kama sahani iliyooshwa."

"Na kibaya?"

"Kibaya mikunjo inakatika kabla haijafika. Mingine inavimba nchani kama rungu, mingine inashikana. Ukingo umeinuka huku, umeliwa kule, kama gunia lililopitiwa na panya. Nikigusa, damu. Nikipuliza hewa, tumbo zima hutanuka, lakini pale hapatanuki. Panakaa kama ngozi kavu."

"Na la mama?"

"Nimekuambia ninachotafuta. Sijakuambia nilichopata."

"Lakini jicho lako linajua, Daktari."

"Jicho langu?" Akajipangusa mikono. "Kuna mwalimu wa Sigalagala, tumbo lake lilikuwa na vinundu kama uyoga baada ya mvua. Ukivitazama, unaweza kumwanzishia ibada ya mazishi. Havikuwa kitu, mpaka leo anafundisha. Na kulikuwa na kijana mwenye kidonda kidogo, kizuri, cha kupigwa picha. Huyo tulimzika."

Jibu, alisema, liko kwenye vipande. Kupitia mpira ule alipenyeza koleo dogo, dogo kuliko punje, akanyofoa vipande vya ukingo, akavitia katika chupa ya dawa, vikasafiri Nairobi kutazamwa. Nikamwambia hiyo ni kazi yangu. Sisi tuna bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji unachochomea gunia kando, kikakutolea punje za ndani bila kufungua mdomo. Akavutiwa kama mtoto.

"Unachoma wapi?"

"Mahali mwenye gunia hataki nichome."

"Na katikati?"

"Katikati, juu, chini, pembe zote. Mahindi mazuri hukaa pale yanapojua utachoma."

"Kwangu katikati hapana jibu," akasema. "Katikati ni uozo tu. Jibu liko ukingoni, na ukingo lazima uuzunguke wote." Kisha akawa kimya ghafla, akaingia ndani. Ukimya ule niliukumbuka baadaye.

Tukaanza kungoja. Mama alipewa dawa za kupunguza asidi, akakaa kwetu siku za mwanzo, katika chumba cha nyuma ambacho mimi nilikipita kwa kuzunguka nje ya nyumba. Dawa zikashika. Akaanza kula uji, kisha ndizi, kisha siku moja mke wangu akanijia uso wote ukiwa umefunguka: "Amekula obusuma. Na mrenda. Akaongeza." Akarudi kwake Likuyani kwa sababu palizi haingoji mtu. Karatasi ya Nairobi ilipofika, niliifuata mwenyewe. Ilisema katika vipande hivyo hapakuwa na saratani.

Niliwanunulia soda watu wote wa kwenye benchi, hata wale ambao hawakuruhusiwa kupitisha kitu mdomoni, ikabidi Sista awanyang'anye. Chupa ya Daktari ilikaa mezani haijafunguliwa.

"Mlete tena," akasema.

"Daktari, karatasi imejibu."

"Imejibu kuhusu vipande. Mimi nauliza kuhusu tumbo."

"Mama anakula! Anaongeza!"

"Dawa ile hutuliza kidonda kizuri. Kibaya nacho hukituliza kidogo, kinajifunika juu, kinaendelea chini. Kupata nafuu hakuniambii kitu." Akaizungusha chupa ya soda, polepole, kama anayetafuta upande wake wa nyuma. "Siku ile alikuwa anatapika, damu inatoka kidogo, machozi yanamtiririka. Akanishika mkono. Nilimhurumia. Nikachukua vya upande mmoja wa ukingo, ule wa karibu, nikatoa mpira. Upande wa pili sikuuzunguka."

Mwanamke yule! Aliyekataa kuninong'oneza hata robo, aliyekaa gizani na mpira tumboni mwa mtu bila kutikisika, alikuwa amehurumia mara moja, na mara hiyo ilikuwa kwa mama mkwe wangu. Sikujua nimshukuru au nimgombeze. Nikaenda kumwambia mke wangu.

Mama akakataa. Mke wangu alipanda kwenda Likuyani na mtoto mgongoni, akarudi analia. Pasta wake alijaribu, akaambiwa kwamba Mungu ameshaponya na pasta anataka nini tena. Mashemeji walipiga simu dukani, wakajibiwa mama yuko shambani. Muda ulikuwa unakwenda, na Daktari kila nilipopita alikuwa anauliza neno moja tu: "Amekuja?"

Sasa fikiria hali yangu. Mimi naishi kwa kuwashawishi watu wasiotaka. Nimewahi kumwuzia mwenye kinu mahindi aliyoyakataa asubuhi. Na mtu mmoja niliyehitaji kumshawishi kuliko wote ndiye niliyekatazwa na desturi hata kumkaribia. Nilikaa nalo siku kadhaa, kisha nikaenda.

Nilimkuta jikoni mwake. Nikabisha hodi kwa mbali, nikageuza mgongo, nikaegemea ukuta wa jiko kwa nje, macho kwenye ghala la mahindi. Yeye alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta. Nikasikia mwiko ukisimama kwenye sufuria.

"Mkwe wangu, huko nyumbani kuna msiba?"

"Hakuna, Mama. Wote wazima."

"Basi hicho kilichokuleta nimeshakikataa."

"Sikuja kwa hicho. Nimekuja kwa yale mahindi uliyoniuzia mwaka nilipooa."

Nikaendelea, macho bado kwenye ghala.

"Mama, mimi magunia ya watu huyachoma pande zote. Yako nilichoma moja tu, mahali pamoja, juu. Ningewezaje kumchoma mama mkwe magunia kama mwizi? Nilichoma kwa heshima. Nikalipa. Nilipofika Kakamega nikayafungua, katikati yalikuwa na unyevu. Mengine yalikuwa yameshaota ukungu."

Mtu akisema hivyo kwa mama mkwe, wapo watakaomwambia arudishiwe ng'ombe wa mahari aende zake.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Nilijua."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote, Mama."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Daktari naye alikuchoma kwa heshima. Upande mmoja. Anaogopa katikati yako... katikati ya gunia kuna unyevu." Ulimi uliniteleza kwa woga, na neno lilikuwa limeshatoka. "Nami naogopa. Binti yako hajalala."

Mwiko ukaanza tena kusonga, taratibu. Ukasonga muda mrefu. Kisha sauti ikatoka, kavu kabisa:

"Ile mvua ya mwaka ule ilinikuta mahindi yakiwa nje. Ningefanyaje? Gari la kwanza linapita saa ngapi?"

Siku ya kumtazama tena, Daktari aliuliza kilichopita mdomoni, mama akajibu, "Mate tu," na akaingia. Nilikwenda kwenye mashuka. Safari hii sikusogea dirishani. Nilisikia nisichopaswa kusikia, kwa sababu alicheua sana na kulia, na hakuna aliyetoa mpira. Sauti ya Daktari ilikuwa ileile ya siku ya giza: "Bado, Mama. Bado upande huu. Najua. Bado." Niliyahesabu mashuka kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, na sikupata idadi moja.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alisema, "Nimeona." Nikangoja nusu ya pili. Aliisema pia, lakini alichelewa kidogo kuisema, na mimi nimekaa sokoni muda wa kutosha kujua maana ya muuzaji anayechelewa.

Karatasi ilipokuja mke wangu alikuwapo. Daktari hakuzunguka. Alimketisha mama kiti cha mbele, akanituma nje kwa jicho, na kupitia dirisha lililo wazi nikasikia, kwa sababu alihakikisha limefunguliwa: "Mama, safari hii najua. Ni saratani. Upande ule wa pili. Ninavyoona bado ni ndogo. Inakatwa, na isingoje."

Mama mkwe akamwambia binti yake, kwa sauti iliyonifikia vizuri huko nje: "Mwambie mkwe wangu gunia lilikuwa na unyevu kweli."

Walimkata hospitali kubwa, sehemu ya chini ya tumbo ikaondoka. Daktari wa upasuaji alisema saratani haikuwa imetoboa ukuta wa tumbo. Mama akarudi Likuyani na tumbo dogo. Alikula kidogo kidogo siku nzima, kama kuku, na alipoulizwa kama amekula alijibu kwa orodha: kilichopita mdomoni asubuhi, kilichopita saa nne, kilichopita mchana. Yule Daktari alikuwa ameharibu lugha ya watu wa tarafa nzima.

Nilionana naye mara ya mwisho muongo ukielekea kuisha. Sista alinidokeza kwamba anaondoka, anastaafu, na hataki kuagwa. Mama mkwe alipopata habari alituma neno moja: kabla hajaondoka, apite Likuyani. Alikuja kwa gari la hospitali, akiwa amevaa sweta lake lilelile, akaketi sebuleni na wanaume, nami mlangoni nikitazama nje, kwa kuwa mama alikuwa akipita kutoka jikoni.

Kuku akaletwa, mama akarudi jikoni, nami nikageuka kula. Kwetu firigisi ya kuku, lile tumbo lake dogo gumu, ni ya mwanamume, na mkwe akiwapo ni yake. Mama mkwe wa kizazi chake hakuwahi hata kuionja. Kila nilipofika nyumba ile firigisi iliwekwa juu ya sahani yangu. Hiyo ilikuwa haki yangu isiyohitaji kubishaniwa. Siku ile sahani yangu ilikuja na paja. Firigisi ilinipita, ikaenda ikatua mbele ya Daktari. Mashemeji walitazama chini. Kutoka jikoni sauti ikasema, "Mwambieni Daktari hiyo ni yake. Haki ya mkwe wangu nimeikata leo."

Daktari akamtazama kila mtu, akanisoma usoni, akatabasamu kidogo. Alichukua kisu. Aliipasua firigisi ile kwa urefu, akaifungua kama kitabu, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akaifuata mikunjo kwa ncha ya kisu mpaka ukingoni. Kisha akaigeuza, akauzunguka upande wa pili wote, bila haraka, huku chakula cha watu kikipoa. Hakuna aliyetafuna.

"Daktari," nikasema, bila kujizuia, "nisemee nusu."

"Nimeona," akasema.

Tukangoja.

"Na nimejua. Ni safi." Akaikata katikati, akasukuma kipande kimoja kwenye sahani yangu, akala chake.